Kisigino kinaniuma kila alfajiri, nimeambiwa ni gauti

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama lishe, nina banda langu hapa Mtwara mjini, umri wangu ni miaka 47. Tangu msimu wa korosho uliopita kisigino cha mguu wa kulia kinanisumbua. Nikiamka saa 10 alfajiri kuwasha moto, hatua ya kwanza nashindwa kukanyaga, naenda kwa ncha za vidole huku nimeshika ukuta. Nikishatembeatembea kidogo maumivu yanapoa, napika, nahudumia wateja. Ikifika alasiri yanarudi, na nikikaa kwenye kigoda kumenya viazi halafu nikasimama, ni yaleyale ya alfajiri.

Nimeambiwa mengi. Muuzaji wa duka la dawa alisema ni gauti, niache nyama, pweza na kunde. Nimeacha miezi miwili, sijaona tofauti. Akanipa na diklofenaki, nameza moja asubuhi na moja jioni mpaka leo, maana nikiacha naumwa. Nilipiga eksirei nikaambiwa kuna mfupa umeota chini ya kisigino, na jirani anasema usipokatwa nitakuja kushindwa kutembea kabisa. Mwingine anasema nimekanyaga kitu, nikaangaliwe. Shemeji yangu wa Lindi alichomwa sindano kisiginoni, wiki hiyohiyo akawa mzima, naye ananihimiza nikachome.

Nina presha na natumia dawa. Uzito wangu ni kilo 86. Siku nzima nipo kwenye sakafu ya saruji, miguuni ndala. Nifanye nini? Na mwanangu wa miaka 11 anayecheza mpira naye ameanza kulalamikia visigino. Je, ni ugonjwa wa kurithi?

Mama Lishe, Mtwara

JIBU

Pole sana mama, na pole ya kuamka saa 10 kila siku. Kisigino chako kina dawa, lakini kabla ya kufika huko tuanze na hizo diklofenaki, kwa sababu ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi.

Za kumeza kila siku ziache leo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha, huzipunguzia nguvu baadhi ya dawa za presha, huchubua tumbo, na zikimezwa muda mrefu huumiza figo. Mtu mwenye presha akizimeza miezi miwili mfululizo bila kupimwa, anajitafutia tatizo kubwa kuliko kisigino. Wiki hii nenda kituo cha afya upimwe presha, na mwambie mhudumu wazi umezitumia kwa muda gani, aone kama figo nazo ziangaliwe. Mwombe akupime na sukari. Sababu yake utaiona mbele. Dawa za presha endelea nazo kama ulivyoandikiwa. Siku ambayo maumivu yamezidi, meza paracetamol: vidonge 2 vya miligramu 500, unaweza kurudia zikipita saa 6, na visizidi 8 kwa saa 24.

Sasa kisigino. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, mnene, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino upande wa ndani, ukaenda mbele ukijigawa hadi kwenye vidole vyote vitano. Kazi yake ni kushikilia upinde wa unyayo usilale chini kila unapokanyaga. Pale uliposhikana na mfupa ndipo panapobeba mzigo mkubwa, na pakizidiwa huchoka na kuchakaa. Ukilala, mguu unanyooka kuelekea chini, kigimbi na utando huo vinakaa vimefupika na kukakamaa usiku kucha. Alfajiri unasimama ghafla na kilo zako zote 86, utando unavutwa pale palipochakaa, ndiyo ile hatua ya kushika ukuta. Ukitembea kidogo unalegea, maumivu yanapoa. Ukisimama mchana kutwa unazidiwa tena. Kigoda nacho ni usiku mdogo: unakaa nusu saa, unakakamaa, unasimama, unaumia. Maelezo yako yamekaa hivyohivyo, na wanaoumwa chini ya kisigino wakiwa na umri kama wako wengi wao huwa na tatizo hilihili.

Hata hivyo jipime. Kaa, weka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto. Kwa mkono mmoja vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, hasa kidole gumba, mpaka uone kamba imekaza chini ya unyayo. Kwa dole gumba la mkono wa pili ifuate kamba hiyo kurudi nyuma, ubonyeze pale inapoishia, sehemu ya mbele ya kisigino, upande wa ndani. Ukiruka, umepapata. Maumivu yakiwa katikati kabisa ya kisigino, na yanazidi ukikanyaga kokoto, mara nyingi ni ule mto wa mafuta wa kisigino uliopungua. Yakiwa nyuma, pale kiatu kinaposugua, ni kano kubwa ya nyuma ya mguu. Hayo yana utaratibu mwingine, usiyatibu kwa haya tutakayokueleza.

Gauti huja kwa kishindo, mara nyingi usiku, na hupenda kidole gumba cha mguu: kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto, hata shuka likikigusa unalia. Haiji na hatua ya kwanza ikapoa ukitembea. Basi rudi kwenye pweza na kunde zako. Na huo mfupa wa kwenye eksirei, wako watu wengi tu wanaotembea nao mitaani hapo bila kuumwa hata siku moja, na wapo wanaoumwa sana ambao hawana. Hauchomi nyama kama watu wanavyodhani. Haukatwi kwa sababu tu umeonekana kwenye picha, na hautakuzuia kutembea. La kukanyaga kitu tunalikubali kwa upande mmoja: kama kuna siku ulikanyaga mwiba, kigae au kipande cha chupa, na pana kovu au uvimbe, mwonyeshe mhudumu. Kama sivyo, ulichokanyaga ni saruji.

Msimu wa korosho ulipoingia, bila shaka wateja waliongezeka, ukaanza kusimama saa nyingi kuliko ulivyozoea, ndala zikiwa zilezile. Mzigo kupanda ghafla ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya tatizo hili. Kwa hiyo matibabu yana sehemu mbili: kukipunguzia kisigino mzigo sasa hivi, halafu kuujenga utando uweze kuubeba.

Kupunguza mzigo kunaanzia miguuni. Zigeuze hizo ndala uzitazame. Ukiona pale kisigino kinapokaa pameliwa, mpira umebaki mwembamba upande mmoja, zinakudanganya tu kwamba umevaa viatu. Hata ndala mpya ni bapa, haishiki upinde wa unyayo wala kisigino, na vidole vinalazimika kuing'ang'ania isichomoke. Kwa kazi ya kusimama, hilo ni kosa la kwanza la kurekebisha. Huhitaji kiatu cha gharama. Nenda kwenye mitumba utafute raba iliyofungwa kwa kamba, uijaribu hivi: shika mbele na nyuma uikunje, inatakiwa ikunjike kwenye vidole, ikikunjika katikati iache. Ipindue kama unakamua nguo. Ikizunguka kirahisi iache. Bonyeza nyuma pale kisigino kinapoingia. Pawe pagumu, pasilale. Soli ya nyuma iwe nene kuliko ya mbele kwa sentimita 1 hivi. Mtumba mzuri kwa macho unaweza kuwa umekwisha ndani, sponji imeshindiliwa hadi haipandi tena, basi bonyeza ndani kwa dole gumba: ikikaa ilivyobonyea, mwenzako ameshaimaliza.

Ukitaka kuongeza, kata vipande viwili vya mpira kutoka ndala nene ambayo haijachakaa, umbo la kisigino, unene usiozidi sentimita 1. Ukingo wa mbele uuchonge kwa kisu uteremke taratibu, usiwe ngazi ndani ya kiatu. Weka pande zote mbili, hata kama unaumwa mguu mmoja. Ukiinua mguu mmoja tu, baada ya wiki nyonga na kiuno vitakudai.

Viatu hivyo vilale mahali mguu wako unaposhukia kitandani. Sio mlangoni. Hatua ya kwanza ya alfajiri ikikanyaga sakafu tupu, umeanza siku kwa kuharibu ulichojenga jana. Bafuni vaa yeboyebo. Kwenye banda, pale unaposimama jikoni, tandika kipande cha mpira mgumu kidogo, kama ule wa sakafu ya gari. Sponji ya godoro haifai: mguu unazama, na kigimbi kinafanya kazi zaidi. Utandike mbali na moto, na uhakikishe hautelezi mafuta yakimwagika. Kazi za kukaa zigawe katikati ya zile za kusimama, badala ya kumenya kila kitu alfajiri kisha kusimama saa 6 bila kupumzika.

Mazoezi ni matatu. La kwanza ndilo muhimu kuliko yote, nalo hufanywa kabla mguu haujagusa chini. Ukiwa umekaa kitandani, weka mguu juu ya goti kama tulivyoeleza kwenye kujipima, shika vidole kwenye shina lake, uvivute kuelekea kwenye muundi mpaka ile kamba ikaze. Hesabu hadi 10, achia. Rudia mara 10. Jumla ni dakika 2 au 3. Mkono wa pili uwe unapapasa kamba. Isipokaza kama uzi wa gitaa, hujavuta. Fanya alfajiri, mchana na jioni, na tena kila unapotaka kuinuka kwenye kigoda, angalau mara 3 za haraka. Wengi wanakosea kwa kuinuka kwanza wakanywa maji, halafu ndiyo wanakumbuka zoezi. Hapo mvuto wa kwanza umeshapita, na ndio uliotakiwa kuzuiwa.

La pili ni la kigimbi, kwa sababu kigimbi kikikaza kinavuta kisigino juu na utando unazidi kukaza chini. Simama umeelekea ukuta na viatu umevaa, mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini kisinyanyuke, ncha ya mguu ikitazama ukuta. Sogeza kiuno mbele mpaka uone kigimbi kinavutika. Kaa sekunde 30, mara 3. Kisha kunja kidogo goti lilelile la nyuma, kisigino bado chini, sekunde 30 mara 3; mvuto utauona chini zaidi. Mara 2 kwa siku zinatosha. Ukigeuzia ncha ya mguu nje, upinde unalala na zoezi linapotea bure.

La tatu ni la kujenga nguvu, usilianze mpaka umemaliza wiki 2 za yale mawili. Tafuta ngazi au ukingo wa baraza, mahali pa kushika pawepo. Kunja taulo au khanga kuukuu iwe kama bomba, iweke ukingoni, vidole vikae juu yake vikiwa vimeinuka, kisigino kining'inie nje. Panda juu kwa hesabu ya 3, kaa juu hesabu ya 2, shuka kwa hesabu ya 3. Anza kwa miguu yote miwili, mara 12, pumzika dakika 2, jumla mizunguko 3. Siku moja fanya, siku ya pili pumzika. Ikishakuwa rahisi, hamia mguu mmoja; baadaye beba mkoba wenye mchele kilo 3, kisha 5. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo ni asubuhi ya pili: ikiwa mbaya kuliko jana yake, umezidisha, punguza mzunguko mmoja. Kukimbilia hapa ndiko kunakowarudisha wengi nyuma.

Kama unaswali, lipo jambo la kuangalia. Kwenye kikao cha kati ya sijda mbili, mguu wa kulia unasimamishwa na vidole vyake vinakunjwa kuelekea kibla. Hapo utando wa mguu wa kulia, uleule unaokuuma, unavutika kama kwenye zoezi la kwanza, tena na uzito wa mwili juu yake. Kwa mtu aliyelegeza mguu kwanza ni msaada. Kwa aliyetoka kitandani moja kwa moja ni maumivu. Vuta vidole kabla ya kwenda kutawadha, na alfajiri ukae taratibu, usijitupie kikao.

Jioni, baada ya kufunga banda, gandisha maji kwenye chupa ya nusu lita, ukiacha nafasi juu maana barafu huvimba. Ivingirishe chini ya unyayo juu ya kitambaa, dakika 10, ukiwa umekaa. Inatuliza, haiponyi, na ukiona maji ya moto na chumvi yanakutuliza zaidi, tumia hayo. Lakini matokeo ya sukari yakiwa mabaya, au unyayo una ganzi, achana na barafu na maji ya moto pia, kwa kuwa mguu usiosikia huungua bila mwenyewe kujua. Pia, mguu wa mwenye sukari hautembei peku hata kidogo.

Watu watakwambia nenda ufukweni Shangani utembee peku kwenye mchanga. Kwa sasa usiende. Kwenye mchanga laini kisigino kinazama chini ya usawa wa vidole, na utando unavutwa kila hatua. Ukishapona, mchanga uliolowa na kushikana, karibu na maji, ni mazoezi mazuri.

Uzito una mchango, hatutakuficha, kwa kuwa kila kilo unaibeba kisiginoni. Ila usisubiri kupungua ndipo uanze mazoezi. Punguza chapati na soda za kazini, mengine yatafuata ukianza kutembea bila kuchechemea.

Kuhusu sindano ya shemeji. Ile ni dawa ya kundi la steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, na ni kweli hutuliza haraka, kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Haiondoi sababu. Inaweza kuukondesha ule mto wa mafuta wa kisigino, na mara chache utando wenyewe hukatika, hasa sindano zikirudiwa au mtu akirudi kusimama kesho yake kwa kuwa hasikii maumivu. Ina nafasi yake kwa mtu aliyefanya mazoezi kwa miezi bila nafuu, akichomwa na daktari anayejua mahali pa kulenga. Kuanza nayo wewe, ambaye hata viatu hujabadilisha, hatukushauri. Upasuaji upo mbali zaidi, ni wa wachache mno.

Jiandae kwa muda. Nafuu ya kwanza huonekana baada ya wiki 6 hadi 12 kwa anayefanya kila siku, na walio wengi hupona ndani ya mwaka. Inakuja kwa kupanda na kushuka: wiki nzuri, kisha siku moja ya harusi umesimama kutwa, inarudi. Hapo usiseme dawa imeshindwa, rudi kwenye zoezi la kwanza na barafu kwa siku chache. Ikipita miezi 3 umefuata yote bila mabadiliko, omba rufaa uende hospitali ya Ligula ukaonwe na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Walioko Lindi waanzie hospitali ya Sokoine. Atakuonyesha na namna ya kufunga plasta pana chini ya upinde, inayosaidia siku za kazi nyingi. Na msimu wa korosho ujao usikukute na soli zilizokwisha.

Kuna hali za kwenda hospitali bila kusubiri: kisigino kilichouma ghafla baada ya kuanguka au kuruka, kinachouma sana ukikibana kwa viganja kutoka pande zote mbili, maana mfupa unaweza kuwa na ufa; ganzi au moto wa kuchoma unaozidi usiku ukiwa umelala, uvimbe mwekundu wenye homa, na kidonda chochote cha unyayo kwa mwenye sukari. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili huku mgongo umekakamaa kila asubuhi zaidi ya nusu saa, naye akaonwe, kwani huo unaweza kuwa ugonjwa wa viungo.

Mwanao hajarithi kitu. Kati ya miaka 8 na 14 mfupa wa kisigino bado unakua, nyuma yake kuna sehemu laini ambayo kano ya kigimbi huivuta kila anapokimbia, na mtoto mchezaji huumwa hapo, hasa akicheza peku kwenye uwanja mgumu. Mbane kisigino pande mbili, nyuma kidogo: akisema hapo, ndiyo hiyo. Apunguze siku za mpira hadi kiwango asichochechemea, avae raba yenye kipande cha mpira kisiginoni kama chako, anyooshe kigimbi ukutani kila jioni. Huisha mfupa ukikomaa, wala haharibikiwi. Akichechemea hata siku asizocheza, au kisigino kikavimba, mpeleke apimwe.